Uliza Fundi: Skuta ikijam, kosa lilifanyika siku ya kufunga

Wasomaji wetu, salamu kwenu popote mlipo, Kampala hadi Arua. Barua za mara hii nyingi zimeangukia sehemu moja, ile kava ya upande wa kushoto ya skuta ambapo kuna belti, puli mbili, klachi na gia za mwisho kabla ya tairi. Bodaboda za kawaida zina cheni na kila mtu stendi anaijua, lakini skuta ya otomatiki inafichwa ndani ya kava na watu wanaifungua pale tu imeshagoma, na hapo ndo unasikia nati haitoki, rimu haitoki, puli haifunguki, bolti imekatikia ndani. Nimechagua maswali yanayogusa hiyo shida ya vitu kushikana na nimejibu moja moja.

*Fundi, skuta yangu ni 125 ya Kijapani niliinunua ikiwa imetumika. Juzi nimepata pancha ya nyuma hapa Ntinda, fundi akafungua nati ya katikati vizuri kabisa lakini rimu ikakataa kutoka, wakaipiga nyundo mpaka ikatoka na sasa ikitembea inalia huko ndani na imepinda. Hii rimu ilishikwa na nini wakati nati ilitoka? Na nifanye nini isirudie? Msomaji, Ntinda.*

Pole sana dada. Hii ndo barua iliyoniuma kuliko zote maana hasara yako ingezuiwa na grisi kidogo tu.

Rimu ya nyuma ya skuta haikai kwenye ekseli laini kama ya pikipiki ya cheni. Inakaa kwenye shafti inayotoka ndani ya gia, na ile shafti ina meno marefu yanayoingia kwenye meno ya rimu. Shafti ni chuma, rimu nyingi ni alumini. Sasa metali mbili tofauti zikigusana alafu maji yakaingia katikati, hasa maji machafu au ya chumvi, zinakuwa betri ndogo, umeme kidogo unapita na alumini ndo inaliwa. Ile unga nyeupe unayoiona ukifungua ni alumini iliyooza, na huo unga unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwepo, kwa hiyo unajaa kati ya meno na kubana. Nati inaweza kutoka kirahisi kabisa na rimu isisogee hata kidogo, maana kinachoishika ni ule unga, nati haihusiki.

Nyundo kwenye rimu ya alumini inaipinda au kuipasua, na nyundo kwenye ncha ya shafti ni mbaya zaidi maana ule mshindo unaenda moja kwa moja kwenye beringi za gia, vidonge vya beringi vinachora mabonde kwenye njia yake na baadaye inaanza kulia. Mlio unaousikia huenda ndo huo. Mwambie fundi afungue gia aangalie beringi ya shafti kabla hujaendelea kuitumia, ikishikana ukiwa barabarani tairi la nyuma linafunga ghafla na hapo ni kuanguka.

Ikigoma tena, njia ya upole iko hivi. Fungua nati mpaka ilingane na mwisho wa shafti lakini usiitoe, hiyo inalinda nyuzi. Weka mafuta ya kupenya kutu kwenye meno, kidogo kidogo, acha ilale usiku mzima, kesho weka tena. Kama hauna yale ya kopo, dizeli inafanya kazi hiyohiyo ila polepole zaidi. Alafu chemsha maji kwenye birika, mwagia katikati ya rimu penye meno, alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile kwa hiyo tundu la rimu linalegea kuliko shafti inavyonenepa. Ikiwa bado moto gonga tairi kutoka nyuma kwa mpira au kipande cha mbao, upande huu na upande ule kwa zamu, usigonge sehemu moja tu. Skuta nyingi breki ya nyuma ni ya drum iko humohumo kwenye rimu, kwa hiyo ukishamaliza osha drum na uangalie vile viatu vya breki, vikiwa vimenyonya mafuta badilisha.

Siku ya kurudisha ndo siku muhimu. Brashi ya waya kwenye meno ya shafti na meno ya rimu mpaka uone metali safi, futa, alafu paka grisi ya kuzuia kugandana, nyembamba kabisa, kama rangi. Isivuke kwenda kwenye drum. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha skuta yako. Alafu hata kama hakuna pancha, toa hiyo rimu angalau mara moja kabla ya mvua za Machi, paka upya, rudisha. Kwenye skuta nyingi itabidi utoe egzosti kwanza ndo rimu ipite, na zile nati za egzosti kwenye silinda nazo zinajam sana kwa sababu ya moto, hapo tumia grisi ya shaba, hiyo ndo kazi yake hasa, inavumilia joto ambalo grisi ya kawaida ingeungua ikabaki majivu.

*Salamu fundi. Skuta yangu inatembea vizuri tambarare lakini ikikuta mlima inakufa nguvu, injini inasikika nzito kama inabeba gari. Nilibadilisha belti na rola mpya, hakuna tofauti. Makanika hapa Arua anasema puli ya nyuma imejam lakini anataka kuiuza nyingine nzima. Ni kweli? Msomaji, Arua.*

Ni kweli inaweza kujam ndugu yangu, na dalili ulizoeleza zinalingana kabisa, lakini usinunue nyingine kabla ya kuifungua hiyo.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi maana ukielewa hautadanganywa. Puli ya mbele iko kwenye kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na injini, ndani yake kuna rola ambazo injini ikizunguka kwa kasi zinakimbilia nje na kusukuma uso wa puli ujifunge, belti inapanda juu. Belti ikipanda mbele inavutwa kushuka nyuma, ile puli ya nyuma inafunguka ikibanwa na springi kubwa. Hiyo ndo gia kubwa ya kukimbia. Ukifika mlimani tairi inakuwa nzito, na hapo puli ya nyuma ina ujanja wake, uso mmoja unateleza juu ya mwingine ukiongozwa na pini ndogo zilizoko kwenye mifereji iliyopinda. Uzito wa mlima unafanya pini zipande kwenye mfereji na kuifunga puli kwa nguvu, belti inarudi juu nyuma na kushuka mbele, yaani imerudi gia ndogo yenyewe bila wewe kugusa kitu. Wahandisi wa DAF kule Uholanzi walitoa gari la belti na puli za namna hii mwaka 1958, kwa hiyo si teknolojia ngeni, na inadumu ikipata grisi yake.

Sasa zile pini na ile bomba ya katikati ya uso unaoteleza zinataka grisi ya joto kali. Grisi ikikauka au oringi, zile pete za mpira, zikikatika, grisi inavuja, vumbi inaingia, pini zinaanza kuchimba mfereji. Puli inabaki imefunguka kwenye gia kubwa hata ukiwa mlimani, ndo maana injini inalia. Rola mpya na belti mpya haziwezi kusaidia hapo, ulitumia pesa mahali pazima.

Kuifungua kuna hatari moja naomba uizingatie. Ile nati kubwa inayoshika klachi, kwenye skuta nyingi za Kichina zenye injini ya familia ya GY6 ni saizi ya milimita 39, chini yake kuna springi imebanwa kwa nguvu sana. Ukitoa nati bila kuishika klachi inaruka usoni. Fundi mzuri anaibana na kifaa maalum au mtu wa pili anaikandamiza chini kwa uzito wake wote mpaka nati itoke, alafu wanaachia polepole. Kisha kuna kofia ya springi, chini yake ndo utaona pini. Jaribu kuzungusha na kuvuta zile nyuso mbili kwa mkono, zikikwama au zinakwaruza umepata mgonjwa wako.

Osha zote kwa mafuta ya taa, kausha, angalia pini kama zimelika upande na mfereji kama una ngazi. Kama mfereji umechimbika hata ukucha unakwama, hapo makanika wako ana haki, nunua nyingine. Lakini kama ni uchafu na grisi iliyoganda tu, badilisha oringi na sili, weka pini mpya kama zinapatikana, na jaza grisi ya joto kali ndani ya mifereji na kidogo kwenye beringi ya ndani. Gramu chache tu zinatosha. Ukijaza kupita kiasi ikizunguka itarushwa nje kupitia sili na kuangukia kwenye belti na klachi, na hapo umeanzisha ugonjwa mwingine. Ukishafunga futa nyuso za puli mpaka kitambaa kitoke safi.

*Fundi mimi nilimwambia makanika aweke grisi kila kitu ndani ili isishikane, akapaka hadi kwenye rola na nyuso za puli, sasa skuta inapiga kelele tu haiendi. Kwani grisi si nzuri? Msomaji, Mbarara.*

Grisi ni nzuri mahali pake kaka, na kwenye ile kava mahali pake ni pachache. Belti inafanya kazi kavu. Inashika puli kwa msuguano, ukiweka grisi umeondoa kitu pekee kinachoiendesha skuta yako. Viatu vya klachi na ile bakuli yake pia kavu kabisa.

Rola ndo watu wanabishana. Skuta nyingi za sasa zina rola zenye ganda la nailoni, hizo zinafanya kazi kavu, ukipaka grisi vumbi la belti linachanganyika nayo, inakuwa uji mzito unaoshika rola zisitembee, yaani grisi uliyoweka kuzuia kujam ndo imekuwa sababu ya kujam. Kuna modeli chache ambazo kiwanda chenyewe kinaagiza grisi kwenye rola, zina oringi na kifuniko cha kuizuia isitoke. Fungua kitabu cha modeli yako, usifuate ya jirani. Ile bushi ya chuma ambapo varieta, yaani ule uso wa puli ya mbele unaobeba rola, inateleza ifutwe iwe safi na inang'aa, na kama kitabu kinataka grisi ni ile ya kupaka na kufuta, isionekane.

Cha kufanya sasa toa kila kitu, osha puli na varieta kwa kisafisha breki au spiriti, sio petroli karibu na jiko la mkaa kama ninavyoona kwenye vibanda vingi. Rola zikiwa zimebonyea upande mmoja badilisha zote sita pamoja. Belti ikiwa imenyonya grisi usijidanganye kuiosha, nunua nyingine. Viatu vya klachi ukivipiga msasa na bado vinatoa mafuta navyo badilisha. Vijipini vile ambapo viatu vya klachi vinazungukia ndo vinataka grisi kidogo, tone tu, maana vikishika kutu viatu havirudi na skuta inataka kutembea yenyewe ukiwa umesimama kwenye taa.

*Mimi nabeba chumvi kutoka ziwani kwenda mjini kwa skuta. Bolti za kava zinakatika kila nikizifungua, nimeshatoboa mbili. Msomaji, Katwe, Kasese.*

Wewe uko mahali pagumu kuliko wote walioandika. Katwe ya Kampala ina mafundi wa chuma, Katwe yako ina ziwa la chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu ndo inafanya ule umeme kati ya chuma na alumini upite haraka. Bolti zako za chuma ziko ndani ya alumini, unabeba magunia yanayodondosha maji ya chumvi juu yake, lazima zishikane. Na ukisikia mtu anakushauri uweke bolti za stenles zinazong'aa kwa sababu hazipati kutu, zenyewe kweli hazipati lakini alumini inayozizunguka inaliwa haraka zaidi, na ukizikaza kavu nyuzi zinatafunana, sikushauri kabisa.

Osha skuta kwa maji baridi matamu kila jioni baada ya kubeba, kwa ndoo na kitambaa. Usiende kwenye mashine ya presha ya washing bei ukaelekeza bomba kwenye kava, kwenye matundu ya hewa, au pale kava inapokutana na injini, ile presha inasukuma maji ya chumvi hadi ndani ambapo yasingefika. Tandika plastiki chini ya gunia.

Kuzifungua bila kukata: usivute kwa nguvu moja. Kwanza gonga kichwa cha bolti wima, kavu, mara kadhaa kwa nyundo ndogo, huo mtikisiko unavunja unga ndani. Mafuta ya kupenya, subiri. Alafu jaribu kukaza kidogo sana kwanza, ikisogea hata unywele ifungue, rudisha, fungua, rudisha, mafuta kila mara. Ukisikia inanyumbuka kama mpira simama, hiyo iko karibu kukatika, tumia maji ya moto au hitagani, kile kipulizia hewa moto, kwenye alumini inayozunguka, sio kwenye bolti, na usitumie moto wa gesi karibu na sili na bomba la petroli. Kama zina kichwa cha msalaba na skuta ni ya Kijapani, ile bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai sawasawa kwenye vichwa vyao, inaruka na kula kichwa, tafuta bisibisi yenye ncha ya Kijapani au ile ya kupigwa nyundo inayojizungusha.

Kufunga, safisha tundu, safisha nyuzi, paka grisi ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi tu, zungusha kwa mkono mpaka mwisho. Na hapa kuna kitu wengi hawajui. Ukipaka grisi kwenye nyuzi bolti inateleza zaidi, kwa hiyo mkazo uleule wa mkono unaivuta kuliko ikiwa kavu, ndo unakata bolti au kung'oa nyuzi za alumini. Bolti ndogo ya milimita 6 inataka mkazo wa kama niuton-mita 10 ikiwa kavu, ikiwa na grisi punguza karibu robo. Kama hauna toki renchi, ile spana inayopima mkazo, shika spana fupi karibu na kichwa chake, kwa vidole, usishike mwisho wa mkono.

Na zile pini mbili za bomba zinazoelekeza kava ikae sawa, hizo ni chuma pia na ndo zinazoshika kava hata bolti zote zikitoka, alafu mtu anaingiza bisibisi katikati na kuharibu uso wa gasketi. Gonga kava pembeni kwa mpira, itatoka. Pini zisugue, zipake, zirudi mahali pake. Yale matundu mawili uliyotoboa yanaweza kuwekewa nyuzi mpya za springi, fundi wa tona mjini, yule wa kuchonga chuma, anaifanya.

*Kick ya skuta ikikanyagwa hairudi, inabaki chini. Msomaji, Jinja.*

Ile shafti ya kiki inapita kwenye kava ikizunguka ndani ya bushi, na karibu kila mtu anafungua kava, anabadilisha belti, anafunga, hajaigusa. Vumbi la belti limekaa humo miaka. Toa shafti, angalia springi inavyokaa kabla ya kuitoa ili ujue kuirudisha, osha, paka grisi kwenye shafti na kwenye kile kigia kinachotoka na kurudi, kidogo tu, na kiklipu chake kiwe hakijalegea. Ifanye kila ukibadilisha belti hata kama unatumia stata ya umeme, siku betri ikifa utaihitaji.

*Fundi wangu anakaza nati ya varieta kwa mashine ya hewa, trrrr, anasema ndo imekaa. Mara ya mwisho ilikataa kutoka mpaka nyuzi za kranki zikaharibika. Je, nipake ile grisi ya kuzuia kugandana kwenye hiyo nati? Msomaji, Entebbe.*

Hapana, usipake kwenye hiyo nati kama kitabu hakijasema. Ile nati ndo inabana bushi na uso wa puli kwenye kranki, kipimo chake kimepangwa kwa nyuzi safi, ukizitelezesha utaikaza kupita kiasi. Nyuzi ziwe safi, hazina mchanga, nati ianze kwa mkono angalau mizunguko kadhaa. Kwenye meno ya kranki unaweza kupaka kitu chembamba sana kuzuia kutu, lakini zile nyuso zinazobanana ziwe kavu.

Mashine ya hewa kufungua mimi sina ugomvi nayo. Kufungia nayo nakataa kabisa, haina kipimo, inachana nyuzi za kranki, na ukiharibu kranki umeharibu moyo wa injini maana kuibadilisha ni kuipasua injini yote. Puli ishikwe na kifaa chake, sio bisibisi kwenye mapezi ya feni, hayo yanakatika na feni inayoyumba inatikisa kranki.

Lakini nadhani shida yako ilianza na belti. Wakati wa kufunga, nyuso za puli ya nyuma zifunguliwe kwa mkono na belti isukumwe chini kabisa katikati yake ili ilegee huku mbele. Asipofanya hivyo belti inabaki imebanwa kati ya uso wa mbele na varieta, nati inakaza belti badala ya kukaza bushi, mkononi unasikia imekaza kweli, alafu ukiwasha belti inahama, nati inabaki na nafasi, puli inacheza juu ya meno na kuyala. Wengi wakiona imelegea wanakaza tena kwa nguvu zaidi juu ya nyuzi zilizoharibika, na hapo ndo inashikana moja kwa moja. Kabla ya kuwasha zungusha puli kwa mkono, uso wa mbele uwe umegusa bushi, belti icheze huru.

*Grisi gani ninunue? Dukani wananipa ya bluu, ya shaba, ya kijivu, kila mtu na lake. Msomaji, Mbale.*

Kwa puli ya nyuma grisi ya joto kali ya lithiamu au yenye molibdeni, iliyoandikwa kipimo cha joto kwenye kopo, isiwe ile ya kupimiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, isiyo na jina. Kwa egzosti ya shaba. Kwa chuma ndani ya alumini, yaani meno ya rimu na bolti za kava, nyeupe ya seramiki ndo naipenda zaidi, ya kijivu inafaa, ya shaba naiweka mwisho kwa sababu shaba nayo ni metali ya tatu umeiingiza kwenye ule umeme. Ukikosa zote grisi ya kawaida isiyoingia maji ni bora mara nyingi kuliko kufunga kavu, ila utaipaka upya mapema zaidi. Soko la Kisekka pale Kampala vikopo vidogo vinapatikana, kimoja kinakaa muda mrefu sana maana unatumia kiduchu.

*Skuta inalia wuuu nyuma nikikimbia, oili ya gia niliyotoa ilikuwa kama chai ya maziwa. Naendelea kuitumia? Msomaji, Gulu.*

Usiendelee. Oili ya rangi hiyo ina maji, umepita kwenye mafuriko au umeoshwa kwa presha na maji yameingia kupitia bomba la kupumulia au sili ya shafti. Maji yanatoa ulaini wa oili na beringi zinapata kutu zikiwa zimesimama usiku, na nimeshaeleza juu kwa dada wa Ntinda kinachotokea beringi ya nyuma ikishikana ukiwa mwendoni.

Mwaga yote injini ikiwa na joto kidogo, weka oili mpya, tembea taratibu mtaani kama dakika kumi, mwaga tena, ukiona bado ina maziwa rudia. Skuta nyingi ndogo zinakula kati ya mililita 100 na 200 tu, kwa hiyo kurudia si gharama kubwa. Aina ya oili soma kwenye kava au kitabu, nyingi za Kichina zinataka ya gia 80W-90 wakati Honda kadhaa zinataka oili ya injini 10W-30 hukohuko kwenye gia. Bolti ya kumwagia iwekewe wosha mpya laini, isikazwe kwa hasira, imo kwenye alumini nayo. Na kabla hujamwaga hakikisha kwanza bolti ya kujazia inafunguka, maana ukimwaga alafu ya kujazia ikagoma skuta inalala hapohapo kwa fundi.

Mlio ukiisha baada ya oili mpya, badilisha sili na elekeza lile bomba la kupumulia juu. Mlio ukibaki, inua tairi juu na uizungushe kwa mkono, beringi inayokwaruza utaisikia kwa vidole, alafu fungua gia. Beringi ya gia ni bei rahisi, namba yake imechongwa pembeni, iandike uende nayo dukani.